Mshipi wa Saturnino

Tangu baba ashuke mgodini asipande tena,
Saturnino amefumba mdomo.
Hapa juu, Andes, mikono inafuma.

Ncha moja kidole gumba cha mguu,
ncha nyingine kiunoni;
katikati, mtande wa sufu ya alpaka
umekazwa kama pumzi iliyozuiliwa.

Shangazi Hilaria hamuulizi kitu.
Anamenya viazi, anahesabu:
mbili juu, mmoja chini,
mbili juu, mmoja—
Uzi umekosewa.

Juzi aliutupa mshipi mzima motoni.
Leo anafumua mstari mmoja tu,
ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo,
kamasi anazifuta kwa mkono wa sweta,
anapitisha mshindio upya.

Jioni mshipi una urefu wa kiganja:
nyekundu, njano, na ndege
mwenye jicho lililokwenda upande.

“Ndege wako haoni vizuri,” anasema shangazi.

“Anaona.
Anatazama mgodini.”

Kisu kinasimama juu ya kiazi.
Ni maneno ya kwanza tangu Machi.
Hilaria hashangilii, hamkumbatii;
anasukuma bonge la uzi mwekundu
hadi gotini pake.

“Basi mfumie na jicho la pili.”