Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Kijiji cha mama kinaitwa Malaya Ryabinka.
Kwao neno hilo la kwanza maana yake ni "dogo" tu.
Hapa Woodley alilitamka mara moja,
kwenye foleni ya maziwa, mwaka wa sitini na nane;
wanawake wakaangua kicheko hadi chupa zikagongana.
Tangu siku hiyo husema Ryabinka, basi,
kama mtu aliyezaliwa bila jina la kwanza.

Baba alirudi kutoka huko na shahada ya mabwawa
na koti lisilofaa popote Busia.
Mama alikuja na penseli.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, upande wa kushoto,
tulipimwa: mimi, Nekesa, Galina mdogo,
mistari ikipanda kila Desemba.
Upande wa kulia, kwa mwandiko ule ule,
kijiji kilikuwa kikishuka.

Zilianza nyumba kumi na moja, alisema,
watu wa bwana mmoja aliyewaweka rehani kwenye karata
akawapoteza kwa bwana mwingine, mwenye kinamasi.
Wakachimba mitaro, wakapanda viazi na kitani, wakajenga kanisa.
Kanisa likaja kuwa ghala. Ghala likaja kuwa kuta.
Watu mia nne na kumi na wawili, kabla ya vita.
Wanaume sitini na mmoja walikwenda. Walirudi tisa,
na kwa hao tisa, mikono kumi na minne.

Baada ya hapo penseli haina maneno mengi.
203.
140, shule ilipofungwa.
48, na mwaka huo mimi nilikuwa nimefikia kitasa.
17, basi la Alhamisi lilipoacha kuja.
3.
Hesabu zilimfikia kwa barua, baadaye kwa simu,
binamu yake Klavdia akipiga kelele
kana kwamba Nairobi iko ng'ambo ya mto.

Mafundi wa baraza la jiji walikuja mara mbili kupaka rangi.
Mara zote mbili alisimama hapo na mwiko.
Nyumba nzima ni krimu; mwimo ule
una rangi ya enzi ya mkoloni bado.

Siku mbili baada ya usiku wa sensa
nilikuwa nimempelekea mkate na dawa zake za presha.
Binti aitwaye Mutheu alibisha hodi, kishikwambi mkononi.
"Nani walilala humu usiku wa Jumamosi?"
"Mmoja," akasema mama. Mimi nilikwisha hesabiwa Syokimau.
"Mahali ulipozaliwa?"
Mama akavuta pumzi, akalitaja jina lote,
la kwanza na la pili, polepole, kama anayevua viatu.
Mutheu aliuma mdomo. Hakucheka, ila alikaribia.
Akasema kishikwambi hakina nafasi ya kijiji, kinataka nchi tu.

"Basi wa kule nani anawahesabu?"
Swali hilo halikuwa kwenye orodha.
Mutheu akasema kwao Mutomo, nyanya yake amebaki na mbuzi
na nyumba sita zenye kufuli.
Akaandika namba yetu kwa chaki mlangoni,
akaenda kwa jirani.

Klavdia alihamia kwa bintiye mjini mwezi wa Juni.
Najua, mimi ndiye niliyeshika simu.
Chini ya 3 mama hajaandika kitu.
Penseli iko juu ya friji, imechongwa.