Sisi Ndio Ng'ambo

Tangazo lilisema: Japani mwezi wa tatu,
ng'ambo mwezi wa kumi na moja.
Nikalisoma mara mbili, nikacheka peke yangu dukani,
bisibisi mkononi, simu ya mtu imelala wazi, matumbo nje.
Miaka yote ng'ambo ilikuwa kule
ilikotoka redio ya babu, na sahani za ukutani,
na binamu zangu na masanduku yao ya Jeddah.
Leo mtu mmoja Osaka ameitazama ramani,
akaiona Lamu, au hakuiona kabisa,
akatutia fungu moja na dunia yote iliyobaki.
Kumbe ng'ambo ni sisi.

Gemu ya kwanza aliniletea Shekuwe.
Aliiokota Mombasa, Mwembe Tayari, kwa mia tatu,
kasha limepasuka, maandishi yote ya Kijapani,
nyayo za kunguru kwenye mchanga mbichi.
Sikujua hata neno.
Nilijua duara ni ndiyo na eksi ni hapana,
na hilo hata darasa la pili tulilijua.

Mtoto amebeba taa, anapanda mlima wa theluji.
Watoto wa Langoni wamejaa mlangoni,
na Nana Mwanatumu, ametua sinia lake la kaimati,
aninong'oneza: "Wasemani?"

Nikasema.
Mungu anisamehe, nikasema.
Mtoto nikampa jina, Famau.
Yule mwanamke mrefu asiye na mdomo
nikasema ni mamake, amefungwa kwa kiapo.
Herufi nyekundu zikiwaka, nikasema ni dua.
Mzee wa darajani aliyeropoka robo saa nzima
nikasema anadai deni la mchele,
wakacheka, na gemu ikangoja kidole changu.

Mwisho wake: mlango nusu wazi,
mwanamke anyoosha mkono,
Famau aizima taa.
Kiza.
Nana alijifuta kwa ncha ya leso.
"Si mwisho huo," akasema.
"Mwana hazimi taa mbele ya mamake bure."

Miaka tisa.

Sasa ya pili inakuja, na inakuja na Kiingereza,
lugha niliyochapwa hadi nikaijua.
Nimelipa kidogo kidogo, risiti zimejaa kopo la maziwa.
Nimenunua betri ya kukesha, maana stima ya hapa haina ahadi.
Njia yake naijua kama njia ya msikitini:
ndege, Mombasa, basi la alfajiri, Mokowe,
boti, ngazi za gati, mkono wa Shekuwe.
Uzito wake hauzidi mkate wa mofa.

Ila tangu Machi kuna mtoto Japani anayejua.
Kwao ilipogonga saa sita ya usiku
huku kwetu walikuwa wakiadhini magharibi;
nilikuwa natawadha, maji yakanipita viganjani.
Anajua ule mkono ni wa nani.
Sitaki aniambie.

Maana je, kama si mamake?
Kama ni njaa, au baridi yenyewe,
au mgeni mwema aliyekuwa akimwambia tangu mwanzo, "Rudi, rudi,"
nami nikimsukuma mtoto wa watu mbele
kwa uongo wangu na kidole gumba?

Nana kila akipita na sinia:
"Mwana mefika?"
"Bado, Nana. Mwezi wa kumi na moja."
"Wa kwetu au wa kwao?"
"Wa kwao."
Hunihesabia kaimati tano, akachukua pesa ya nne.

Usiku huo atakaa kulia kwangu, namjua.
Watoto wa zamani watakuja na ndevu zao.
Maneno yatapita chini ya kioo, meupe, yanasomeka,
na sikioni mwangu: "Wasemani?"

Tena nasikia katika zile za ng'ambo vitufe vimegeuzwa:
eksi ndiyo ndiyo, duara ni hapana.
Kidole changu kimezoea pale pa zamani.