Ngozi Ikikunjamana

Februari hapa Yamagata theluji hupimwa kwa milango.
Nilipanda paani na sepetu kuipunguza
kabla haijayalemea maboriti
niliyoyachonga mwenyewe mwaka aliozaliwa Chihaya.
Nikateleza. Nilitua wima, kwa mguu mmoja:
paja likawa mchi,
muundi ukawa kinu.

Daktari Shirahata hakunificha.
Aliipachika picha kwenye mwanga: kichwa cha muundi,
pale goti linapokalia, vipande sita,
na kimoja cha katikati kimedidimia
kama kigae cha sakafu kilichoangukiwa na kabati.
"Leo sikupasui," akasema.
Akanifunga vyuma kwa nje, paja hadi kifundo,
nikawa nyumba iliyozungukwa na majukwaa ya waashi
na waashi wenyewe hawaonekani.

"Tunangoja nini?"
"Ngozi ikunjamane."

Marehemu mke wangu alijipaka mafuta miaka thelathini
kuikimbia mikunjo.
Mimi ndiyo naiombea, tena kwa kulipia.

Kila asubuhi nesi Onodera alibonyeza kwa kidole gumba.
Goti linang'aa, biringanya.
Anatikisa kichwa, anaondoka.
Na mimi niliyewafukuza wanagenzi wawili
kwa kupiga randa mbao mbichi
nililala pale, mbao mbichi, siku kumi na moja.

Ya kumi na mbili, mikunjo ikaja,
myembamba, kama maji ya beseni yaliyopulizwa.

Ganzi ilipanda hadi kitovuni. Masikio wakaniachia.
Nyuma ya pazia la kijani keekee ikaanza kuimba,
nikaijua; na ilipotoboa ng'ambo
sauti yake ikalegea.
"Imetokea," nikasema.
Kimya.
"Nani ameongea?"
"Mbao."

Alicheka, nadhani. Kisha akanieleza kazi, fundi kwa fundi:
amekata dirisha dogo chini ya kile kilichozama,
anakisukuma juu kidogo kidogo,
ndo, ndo, nyundo ya mkono mwepesi;
pengo analijaza mfupa aliouchota nyongani mwangu.
Ndivyo inavyotakiwa. Kiraka kitoke mti uleule.
Halafu mabamba mawili, kushoto na kulia,
na skrubu kumi na tatu, nilizihesabu.
Onodera akaandika kumi na mbili.
"Hesabuni tena," nikasema.
Daktari akajibu bila kuona haya:
"Moja nimeing'oa. Ilikuwa ndefu."
Hapo ndipo nilipofumba macho.

Wiki kumi na mbili marufuku kuukanyaga.
Chihaya amekuja kutoka Sendai, yuko paani na sepetu yangu.
Kwa hatua zake najua yuko juu ya boriti ipi.
"Usisogee ukingoni!" Hanisikii.

Goti linakunjika hadi nyuzi tisini, linakwama
kama droo ya mti uliolowa.
Sijawahi kushindwa na droo.
Ila hii, nimo ndani yake.