Mgeni Amekwama Kwenye Sambusa

Saa nane kasoro, Tandika. Luku inasoma sifuri nukta sita.
Taa nimezima, uniti tumeziwekea pasi ya asubuhi.
Nasomea tochi ya simu ya mama,
na daftari si langu, ni la Ngwele,
aliyemaliza mwaka juzi na mwandiko wake wa kuku.

*Haji hebu lima, beba boga, chuma nazi, osha fulana nene.*
Hidrojeni mpaka neoni. Kumi wamepita salama,
nimewahesabu kwa vidole na vidole vimetosha.
*Naye mgeni alikula siagi, pilau, sambusa*
na hapo mgeni anakwama.
Sodiamu, magnesi, alumini, silikoni, fosforasi, salfa,
halafu giza.
Anayefuata hana neno la Kiswahili la kumbeba.
Tangu Septemba mgeni huyu yuko mezani,
hanawi, haagi.

Shemsa ametuma ujumbe: Umefika wapi?
Nikamjibu: Kwenye moli.
Uongo. Moli niliiruka juzi nikiiahidi nitarudi,
kama mtu anayempita mdai wake dukani
kwa kujifanya anaongea na simu.
Wewe je?
Mimi nimelala, akajibu.

Ukurasa wa arobaini na tatu haumo.
Umechanwa kistaarabu, sambamba na uzi.
Wiki iliyopita nilinunua karanga za mia mbili
kwa Bi Mwanshamba, pale kona ya saluni,
na karatasi aliyozifungia ilikuwa na mwandiko wa kuku:
kabonati ya kalsiamu, jumlisha asidi, mshale,
na baada ya mshale, doa la mafuta.
Nilizila zote, mojamoja,
nikiwaza kuna nini ng'ambo ya mshale.

Baba alirudi saa nne kutoka kwenye betri zake,
suruali ina matundu kama kung'uto la tui.
Baba, kesho Kemia.
Hakuinua kichwa kwenye ugali.
"Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji," akasema.
"Siku maji yakiingia kwenye asidi..."
Akaugeuza mkono, kovu likamalizia sentensi,
lina ung'avu wa plastiki iliyopitiwa na moto.
Akaomba chumvi.

Sentensi hiyohiyo iko kwa Ngwele, ukurasa wa pili,
imepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.
Nimeisoma labda mara thelathini.
Shuleni bureti ni moja kwa watu kumi na wanne
na bomba la maabara hukohoa tu;
mwalimu Kihwelo hutuchorea rangi ubaoni:
"Hapa sasa imekuwa ya waridi. Mmeona?"
Tumeona, mwalimu.
Chaki nyeupe.

Saa tisa na nusu simu imezima bila kuaga.
Nabaki na Haji gizani, analima, anabeba boga.
Panya darini ana shughuli zake,
na mimi naapa, nikifaulu huu,
mwakani nitaanza kusoma Januari.
Kiapo hiki tunafahamiana, mimi na yeye,
tangu darasa la saba.

Adhana. Nachomeka pasi.
Shati mama alililoweka jana kwenye dawa ya madoa,
bado lina ubichi kwenye kola.
Pasi inagusa kitambaa, mvuke unapanda,
ukanipiga puani, mkali, wa kisima kilichotiwa dawa
mwaka ule wa kipindupindu.
Klorini!
Mgeni akanusa, akapiga chafya, akasukuma kiti nyuma.
Argoni. Potasiamu. Kalsiamu.
Ametoka. Naapa nimesikia mlango.

Nikacheka peke yangu na pasi mkononi,
mama akauliza kwa ndani, kuna nini huko?
Ishirini, mama! Wametimia ishirini!
"Ishirini nini?"
na luku ikakata,
mkono mmoja wa shati umenyooka kama rula,
wa pili mikunjo mitupu.

Nitakwenda hivyohivyo.
Moli nitamuuliza Shemsa getini.