Bango la Bafuni

Kwenye bwawa la Dalvik, kabla ya maji ya moto,
sheria haina msamaha: vua, oga uchi, ndipo uingie.
Ukutani pana bango. Mtu amechorwa
na mawaa mekundu pale panapotakiwa sabuni:
kichwa, makwapa, kinena, nyayo.
Kifua hakina waa.

Sölvi, mjukuu wangu, miaka kumi na minne,
alisimama mlangoni na fulana yake
akasema tumbo linamsokota.
Jumanne ya tatu hiyo, tumbo linamsokota
saa ileile ya kuogelea.

Nilimjua mwongo kwa kuwa nami ni mwongo.
Tangu majani yapukutike nilikuwa naoga nimeelekea ukuta,
mzee wa sabini na moja, dereva mstaafu wa greda la theluji,
kifua kimefura kama unga uliokolea hamira,
shati likigusa chuchu naona nyota mchana.

Nikamwambia: twende wote kwa Ragnheiður.

Alitupapasa kwa zamu, vidole viwili, polepole,
akitafuta kisahani kigumu chini ya chuchu.
Tezi, si mafuta. Wote wawili.
"Unameza nini?" akaniuliza.
Nikataja vidonge vya moyo, vile vya kukojoza maji.
"Ndivyo hivyo. Vimeifungia mlango homoni ya kiume,
ya kike imebaki na nyumba peke yake."
Akanibadilishia dawa. Hata hivyo akanipeleka kupigwa picha,
maana titi la kushoto lilizidi,
na mwanamume naye ana titi la kuumwa.

Sölvi hakuandikiwa kitu.
"Balehe. Mizani bado inayumba.
Wengi hutulia kwa mwaka, au miwili.
Usinunue poda za misuli.
Isipotulia, kuna kisu: mkato mdogo,
ukingoni mwa duara la chuchu, kovu halionekani."

Mwaka, au miwili! Kwa mtoto huo ni umri mzima.
Akauliza, sauti ikimkatika katikati:
"Kwa hiyo mimi si msichana?"
"Wala babu yako si bibi," akajibu daktari.
Nilicheka hadi kifua kikaniuma.

Imepita miezi minne. Picha ilikuwa safi.
Changu kimepungua nusu; chake bado.
Jumanne iliyopita alivua fulana, akaikunja
taratibu mno, kama barua,
akajipaka sabuni kifuani, ambako bango halidai,
akasugua mpaka povu likamfunika.

Sikumwambia aharakishe.