Moshi wa Jirani

Miaka kumi na tisa nilitengeneza lifti mjini Plovdiv.
Nikapanda na kushuka, nikapanda na kushuka,
nyaya, grisi, namba nyekundu zikibadilika juu ya mlango,
na sikuwahi kufika juu.

Zlatina aliposema, "Twende tukaishi Rodopi,"
alikuwa anakwangua sufuria iliyoungua.
Sikujua anasema na mimi au na sufuria.

Dalali alikuwa na viatu vyembamba.
Alianza na ile yenye mandhari:
baraza refu, ukuta mzima wa vioo,
na milima nyuma ya milima
kama mikunjo ya blanketi lililoachwa kitandani.
Nikasema, hii hii. Moyo wangu ulikwisha lipa.
Zlatina akauliza maji hutoka wapi mwezi wa pili.
Dalali akatazama milima.
Akaulizwa tena.
Akasema hewa ya hapa ni dawa ya mapafu.

Nyumba njema si mlango, wahenga walishamaliza.
Hawakutuambia tu
kwamba si dirisha pia.

Ya pili iliuzwa kwa bei ya baiskeli kuukuu.
Jikoni mti wa plamu ulikuwa umeota,
ukapasua sakafu, ukachungulia kupitia paa,
na ulikuwa na matunda.
"Mwenye nyumba yupo," alisema Zlatina.
Tukarudishia mlango taratibu.

Ya tatu haikuwa kwenye orodha.
Gari lilizama tope kwenye kona,
akaja mwanamke na toroli la viazi,
akatupa ubao chini ya gurudumu
kabla hajatuuliza majina.
Yeye ni Rufie.
Ile pale, alisema, ni ya Salih,
yuko Hispania anachuma matunda ya watu,
mpigieni simu, atauza, analia lakini atauza.

Paa la mawe bapa limebonyea kama mgongo wa farasi mzee.
Ukuta umetoa tumbo.
Choo kiko mbali kiasi cha kutubu njiani.
Na dirisha la jikoni, ole wangu,
halioni mlima hata mmoja:
linaona rundo la kuni, kamba ya nguo,
na dohani ya Rufie.

"Tumeuza kila kitu," nikasema,
"tuje kutazama dohani?"
Zlatina alikuwa anabonyeza ukuta kwa kidole
kama anayepima mkate.
"Mlima hautakuja kugonga
siku dohani yetu isipofuka," akasema.
Tukampigia Salih. Alilia. Akauza.

Majira ya baridi ya kwanza sitayapamba.
Barabara ilifungwa siku tisa.
Bomba lilipasuka, tukayeyusha theluji kwenye karai,
theluji nyingi ajabu kwa kikombe kimoja cha chai.
Tuligombana juu ya kuni mbichi,
juu ya nani aliyesema kuni mbichi zitakauka zenyewe.
(Mimi.)
Dukani tukasikia kwamba Rufie ameweka dau:
hawa wa mjini hawataiona Machi.
Kilo tano za maharage.

Tarehe tatu Machi, saa moja asubuhi,
nilisimama dirishani na mswaki mdomoni
na dohani ya Rufie ilikuwa haina kitu.
Nikangoja. Nikahesabu.
Sikumbuki viatu. Nakumbuka theluji ikinifika kiunoni,
Zlatina nyuma yangu na sepetu, akiita,
na mlango uliofunguka bila kusukumwa.

Alikuwa ameketi kando ya jiko baridi,
koti mwilini, shali kichwani,
mikono mapajani, mzima kama kengele.
"Dakika kumi na moja," akasema.
"Nilitaka kujua kama mnatazama."

Zlatina alimtukana kwa maneno
ambayo sikujua anayo.
Rufie akasikiliza mpaka mwisho,
akainuka, akawasha moto,
akashusha mfuko kutoka rafuni.

Tulikaa kwake mpaka giza likaingia.
Huku juu maji huwahi kuchemka,
lakini maharage hayana habari nayo.