Si Mkungu

Mgomba wangu wa pukusa, hapa Chwale,
ulianza jani la chini: manjano pembeni.
Nikasema kiu. Nikaumwagia.
Wiki ya pili majani yakaninginia kiunoni
kama kaniki ya mgonjwa,
mkungu juu bado mchanga.

Mgomba haushindwi na mkunguwe, wanasema.
Kweli. Si mkungu,
ni ukungu.

Bwana shamba Shaame akalipasua gogo:
ndani duara za hudhurungi,
chai iliyokaukia kikombeni.
"Umo udongoni. Utatuzika sote.
Jembe umemwazima nani? Mbegu umempa nani?"

Nikamtaja Faki, nikamtaja Bi Time.
Dada yangu Mize sikumtaja,
wa Kengeja,
niliyempelekea machipukizi manne Alhamisi,
nimeyafunga na udongo wangu
yasinyauke.